Mwisho Niliompa Bibi Yako

Kemilembe mwanangu,

Begi lako liko mlangoni. Mama yako amelifunga na kulifungua mpaka zipu imeanza kulalamika, kila mara akikumbuka kitu kingine cha kupenyeza, na nadhani senene wa kukaanga wameshakuwa wengi kuliko nguo. Mambo ya chakula, ya mavazi, ya kanisa na ya kukaa na watu amekwisha kukuambia yeye, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikiitikia kama mtu mwenye la kuongeza. Sikuwa nalo. Nililonalo ni hili ambalo nimeshindwa kulitamka tangu tumzike bibi yako, na kesho jioni meli ikikuchukua pale Kemondo nitakuwa nimechelewa.

Nakuandikia kwenye karatasi, na najua utatabasamu. Tata na karatasi zake. Safari hii si kwa ubishi. Ni kwamba nikiandika kwenye simu kidole changu kinagusa herufi tatu kwa mpigo, na jambo hili sitaki likosewe hata neno moja.

Nina aibu, Kemi. Nalitanguliza hilo ili usije ukadhani barua hii ni mahubiri.

Nianze na kabati, kwa sababu ndiko kiburi changu kilikokaa. Unajua nilipangiwa kazi ya kwanza Bumbire, nikavuka ziwa na godoro, jiko la mkaa na sanduku la vitabu. Kule kisiwani jioni ni ndefu. Wavuvi wakienda na taa zao, mimi nilibaki na yangu, nikisoma. Nilisoma kweli miaka ile, hilo sikudanganyi. Kitabu kikiisha nilikirudia, na vingine nilivijua mpaka mahali palipokuwa na doa la mafuta ya taa. Nilipohamishiwa huku bara nilichonga kabati la vioo, nikavipanga sebuleni, nikatia kufuli. Tangu siku ile, mwanangu, nilianza kuwa mtu mwenye vitabu, na taratibu nikaacha kuwa mtu anayesoma. Hakuna aliyegundua. Mgeni akiingia anaona migongo ya vitabu imenyooka, anasema Mwalimu bwana, na mimi nakohoa kidogo kama mtu asiyependa kusifiwa.

Wakaniita Mwalimu Kabati. Nilidhani ni heshima.

Unakumbuka siku uliyotoka jikoni kuomba kimoja? Ulikuwa umemenya ndizi na mama yako, vidole vyako vimeshika utomvu. Nikakuambia kanawe. Ukaenda, ukarudi umenawa, lakini utomvu wa ndizi hautoki kwa maji, unajua wewe, najua mimi, anajua kila mtu aliyezaliwa kwenye kibanja cha migomba. Nikaangalia vidole vile vyeusi, nikasema kitabu si sufuria, nikafunga kufuli. Katika nyumba ya Wahaya, nilitaka kitabu kiguswe na mtu asiyemenya ndizi. Ningempata wapi?

Ndiyo maana shangazi yako alipokupa kile kishikwambi chake cha zamani, ulipokwenda kumsalimia kule Rwamishenye baada ya mtihani wa kidato cha sita, ulikikumbatia. Ulirudi nacho kimejaa vitabu. Ukanionyesha kwa furaha, Tata tazama, vyote hivi, na havina uzito. Nami badala ya kutazama nikaanza kutoa hoja. Nilisema kitabu cha umeme kinakufa umeme ukikatika. Nilisema huwezi kukiandika jina lako, huwezi kumwazima jirani, huwezi kukirithisha, na siku aliyekiuza akitaka anakifuta akiwa huko huko alipo. Nilisema macho yataharibika na akili itaruka ruka, maana katikati ya ukurasa inaingia meseji ya mtu anayekuuliza umelala au bado. Baadhi ya hayo ni kweli hata leo. Lakini sikuyasema kwa kuwa ni kweli. Niliyasema kwa kuwa ulikuwa na vitabu vingi kuliko mimi, na hukuhitaji ufunguo wangu.

Jumapili moja baada ya misa niliwaambia wazee pale nje kwamba kusoma kwenye kioo ni sawa na kula ndizi ya kwenye picha. Walicheka sana. Wewe ulikuwa nyuma yangu umeshika kiti cha bibi yako. Niliona ulivyoangalia chini, na bado nikairudia kwa mzee aliyechelewa kufika.

Sasa nifike kwa bibi.

Mama yangu alipohamia chumbani kwako, macho yake yakiwa yameshaingia ukungu, nilifurahi kwamba hatalala peke yake. Baada ya siku chache akaniambia, akitabasamu, kuhusu wewe: "Anshomera." Unalijua neno hilo na ugumu wake. Kwa Kihaya chetu kushoma ni kusoma, na kushoma huko huko ni kusali, ni kwenda kanisani, kwa sababu wazee wetu waliofundishwa herufi walifundishwa na katekista, wakabatizwa na kujua kusoma kwa pamoja. Mama aliposema unamshomea, mimi nikasikia unamsalisha. Sikuuliza. Nilivimba kichwa. Nikamwambia katekista kwamba binti yangu kila jioni anasali na bibi yake bila kulazimishwa na mtu.

Ndipo jioni ile baada ya chakula nikapita mlangoni kwenu nikaona mwanga wa kioo, na nikasikia mnacheka. Rozari haichekeshi kiasi hicho. Nikajiambia basi, sala imeisha mapema, sasa anachati na vijana mbele ya mama yangu. Niliingia bila kubisha hodi. Uliinuka ukasema kwa Kihaya, kwa heshima zako zote, kwamba unamshomea bibi. Nami nikajibu jibu ambalo nililiona la busara kweli kweli.

"Sala haihitaji chaji."

Nikakichukua. Kesho yake nikamletea mama kitabu cha sala, cha karatasi, chenye herufi ndogo kama chawa, nikamwekea kwenye mto. Mwanamke asiyeona mlango! Kishikwambi nikakifungia kwenye kabati, kati ya vitabu vyangu, na ufunguo nikautia mfukoni. Wewe hukubishana. Nilidhani umekiri kosa. Siku hizi nafahamu kwamba mtu akishaambiwa neno la namna ile anaweza kuamua tu kwamba hakuna haja ya kuendelea kuongea.

Yote haya unayajua. Yanayofuata huyajui, na ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani.

Mama aliuliza mara mbili kwa nini hushomi siku hizi. Nikamwambia umechoka, nikamwita katekista aje asali naye. Akaja, mtu mwema, akasali vizuri. Mama akaitikia kila panapoitikiwa. Alipoondoka nilibaki namfunika blanketi miguuni, naye akanishika mkono akaniuliza:

"Na Adela, alibaki na nyumba?"

Unajua kwamba nilikuwa na binamu aliyeitwa Adela. Hukumkuta, alikufa kabla hujazaliwa. Alifiwa na mume akiwa kijana, wakwe wakamsukuma nje ya kibanja, akarudi kwao na huko hakudumu. Nikajua mama amemkumbuka huyo. Nikajua vilevile, nilivyodhani, kwamba akili yake imeanza kutangatanga, kwa hiyo nikamjibu kwa sauti ya kumbembeleza, ile tunayowatolea wazee tukiwa tumeacha kuwasikiliza.

"Mama, Adela alishakufa siku nyingi."

Akauachia mkono wangu. Halafu akasema, "Kumbe alikufa." Akauliza, "Na nyumba?"

"Walichukua ndugu wa mume."

Aligeukia ukutani. Nilisikia akisema maskini, maskini, kwa Kihaya, kwa sauti ndogo. Nilizima taa nikatoka nikiwa nimeridhika kwamba nimemtuliza. Hakumtaja Adela tena. Hakuniuliza tena habari za wewe kushoma. Nilimwambia mama yako kwamba mama yangu ametulia siku hizi.

Haukupita muda mrefu tukamzika pale chini ya migomba, karibu na baba yangu.

Kuhusu kabati hukuhitaji kusimuliwa, ulikuwepo. Wanaume waliinua vyombo sebuleni ili watu wa msiba wapate pa kukaa, na kabati lilipoinuliwa ubao wa nyuma ukabaki ukutani. Udongo ukamwagika sakafuni. Mchwa walikuwa wameingilia nyuma, wakala kutoka nyuma kuja mbele, wakaacha migongo ya vitabu imenyooka vile vile ilivyokuwa ikisifiwa. Mtu mmoja alishika kitabu ili kukiokoa, akabaki na jalada mkononi. Hakuna aliyecheka, ulikuwa msiba, lakini nilisikia mmoja akinong'ona jina langu la Kabati, na uso ukanishuka mpaka leo haujapanda. Kila niliyemwambia karatasi inadumu alikuwa sebuleni mle. Na katikati ya udongo ule kishikwambi chako kilikuwa kizima, kimechafuka tu.

Watu walinipa pole ya vitabu, na niliipokea. Lakini aibu ile ilikuwa ya mbele ya watu, na aibu ya mbele ya watu hupungua wakipata habari nyingine ya kusimulia. Ile nyingine ilikuja baadaye.

Msiba ulipoisha nilikifuta kishikwambi, nikakichomeka kwenye chaji, nikakiwasha. Sikuwa na nia nzuri sana. Nadhani nilitaka kuona hao vijana. Kikafungukia pale pale mlipoachia. Niliona herufi kubwa kupita kiasi, ukurasa mzima umebeba maneno manne au matano, na neno la kwanza nililolisoma lilikuwa Adela.

Nilikaa kitandani. Nikarudisha kurasa nyuma, maana hilo nililiweza, nikaona mjane, nikaona duka lake la vitambaa, nikaona shemeji aliyekuja na wazee kudai nyumba ya marehemu. Nikakuita. Nikakuuliza kwa nini herufi ni kubwa hivi, kwa sababu sikuthubutu kuuliza lile nililotaka kuuliza. Ulisimama mlangoni, hukuingia.

"Bibi alitaka aone jina. Jina la Adela alikuwa analisoma mwenyewe, Tata."

Kisha ukaenda kuchota maji.

Mama yangu, Kemi. Mwanamke aliyefundishwa herufi chache na katekista akiwa msichana, akazisahau kwenye jembe. Mimi nimefundisha watoto wa watu kusoma, kisiwani na bara, mpaka nikastaafu, na sikuwahi kufikiri kumkalisha mama yangu na kitabu. Na ningefikiri, ningemletea kitabu gani? Hakuna kimoja katika kabati langu ambacho angekiona. Wewe ulivuta kioo kwa vidole viwili, ukamkuzia neno mpaka likapita ule ukungu. Ulimgeuzia Kiswahili cha kitabu kuwa Kihaya, sentensi kwa sentensi, mkacheka pale palipochekesha. Na alikuwa na sababu ya kutaka kujua kuhusu ile nyumba. Baba yangu alipokufa, baba zangu wadogo walikuja hapa na wazee, hivyo hivyo. Mama alikataa kutoka. Alikaa kwenye kizingiti siku nzima na mimi nikiwa nimemshika gauni. Hakuwahi kunisimulia alivyojisikia. Pengine alikuwa anasubiri kitabu kimsimulie.

Na mimi nikampa mwisho. Nikamwambia Adela amekufa na nyumba imechukuliwa. Mama yangu ameondoka duniani akiamini hivyo.

Sijamwambia mama yako. Wewe ndiye wa kwanza.

Baada ya siku ile nilijifunza kukitumia, kwa siri, ukiwa shambani. Nimesoma hadithi ile kuanzia mwanzo, na nyingine mbili fupi. Ukitaka kusikia Mwalimu Kabati anasemaje sasa, nitakuambia kama mtu aliyetumia vyote viwili, siyo kama msemaji wa nje ya kanisa. Karatasi naikumbuka kwa mahali. Jambo lilikuwa chini ya ukurasa wa kushoto, karibu na lile doa, naliona hata sasa ingawa mchwa wamelila. Kwenye kioo kurasa zote ziko mahali pamoja, na nikitaka kurudia jambo natangatanga. Kioo kinaishiwa chaji katikati ya utamu, na siku umeme ulipokatika nilikaa gizani nikakipiga piga kama redio. Meseji ya kunikumbusha bando imeniingilia mara nyingi, hapo nilikuwa sahihi. Lakini nasoma bila kutafuta miwani. Nasoma nimelala chali, kitu ambacho kitabu kinene hakikuniruhusu. Mvua zetu hizi hazikivimbishi. Na nasoma kila siku, Kemi, jambo ambalo sikulifanya kwa miaka mingi nikiwa na kabati zima. Sijui kipi ni bora. Nilikuwa najua sana nilipokuwa sisomi.

Kilichonichoma ni kwamba nilipokirudisha kitandani kwako, bila neno, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima, hukukiwasha. Ukaja nacho sebuleni, ukakiweka mezani, ukasema nibaki nacho tu. Ulisema kwa upole. Na tangu siku hiyo sijakuona unasoma chochote, si cha karatasi si cha kioo. Mama yako anadhani ni majonzi ya bibi. Mimi najua ni mkono wangu. Unakwenda chuo Mwanza, utasoma ya mtihani kwa sababu itabidi, lakini ile ya kucheka jioni na mtu nimekunyang'anya, na sijui kama inarudishwa. Nisamehe. Nilipaswa kulisema neno hilo siku ile ulipokuwa umesimama mlangoni, na nikakuacha uende kuchota maji.

Kesho tutapanda gari mpaka Kemondo. Mama yako atalia, mimi nitashika mizigo. Kabla hujapanda nitakupa kishikwambi. Nimekijaza chaji, nimekifunga kwenye kile kitambaa cha bibi cha kanisani, kwa hiyo usidhani ni kitu kingine. Ukikataa nitaelewa, nitarudi nacho na nitakitunza, na sitakasirika wala sitasema lolote nyumbani. Ila naomba usikatae.

Sababu ni hii. Nimesoma mpaka mlipoachia, na hapo nimesimama. Shemeji amewaleta wazee, wamekaa uani, Adela yuko ndani na mlango umefungwa. Kilichobaki ni kidogo. Kila jioni nakifungua, naliona lile neno kubwa, sijaligusa lisogee. Kama nyumba ilichukuliwa, basi nilibahatisha ukweli, na bado nilimnyima bibi yako kuusikia kutoka kwako. Kama Adela alibaki na nyumba yake, basi nilimuibia mama yangu furaha ya mwisho iliyokuwa imebaki kumfikia, tena kwa sauti ya kumbembeleza. Peke yangu siwezi kufungua ukurasa ule. Nimejaribu.

Ukishatulia huko, siku yoyote, nipigie simu jioni. Nitaichukua simu niende nayo pale chini ya migomba, niweke sauti kubwa. Usinisomee Kiswahili. Geuza, sentensi kwa sentensi, kama ulivyomgeuzia yeye, mpaka mwisho uwe wowote ule. Hata ukichukua mwaka kabla hujapiga, nitakuwa nasubiri hapo hapo mlipoachia.

Onshomere, mwana wange, nishomee. Safari hii nalisema neno hilo kwa maana zake zote mbili.

Ni mimi, Tata.